Kutoka Sabasaba hadi Muoroto kwa Miguu

Matatu za Kayole zinazopitia Jogoo Road zina namba 19/60, lakini sijawahi kumsikia makanga akiisoma kama namba. Huisoma kama mwaka: naintini siksti. Mgeni anaweza kudhani anauziwa historia. Jumamosi moja ya Januari 2026, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimesimama kwenye steji ya Sabasaba, Kayole, nikimtazama kijana akipiga bati la gari kwa kiganja na kuita, "Tao finje! Tao finje, gari inajaa!" Aliponiona sipandi wala siondoki akaniuliza, "Mzae, unaenda ama?" Nikamwambia naenda, ila kwa miguu. Alinitazama kidogo, akaona hakuna pesa hapo, akamgeukia mama mwenye kiroba kitupu cha kwendea Marikiti.

Nilikuwa na sababu mbili za kutembea. Ya kwanza ni ya juzi tu. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya Jumatatu, polisi walizifunga tangu alfajiri barabara zinazoingia katikati ya jiji, kwa vizuizi na seng'enge. Magari yakarudishwa. Walinzi waliokuwa wakitoka zamu ya usiku, wapishi wa hoteli, wauguzi, wachuuzi wa nguo, wote wakashushwa njiani na kuambiwa warudi walikotoka. Wengine walirudi, wengine wakashika njia kwa miguu. Kufikia siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 31 waliouawa nchini siku hiyo moja. Nilitaka kuujua umbali huo kwa nyayo zangu.

Sababu ya pili ina umri mkubwa zaidi. Baadhi ya watu walioanzisha Soweto, upande wa Kayole wenye mabati mengi kuliko mawe, ni waliovunjiwa vibanda Muoroto mwezi wa Mei 1990. Muoroto ulikuwa mtaa wa mabanda kando ya Machakos Country Bus, mwendo wa dakika chache kutoka mjini. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, ikafuata Kibagare. Watu waliokuwa wakiishi karibu na kazi zao, maana kazi ilikuwa kusukuma mkokoteni, kuuza maji na kubeba mizigo ya wasafiri, wakajikuta ukingoni mwa jiji, zaidi ya kilomita 10 kutoka kwenye kila kitu. Mimi nilitaka kuifuata njia yao kinyumenyume, kutoka walikotupwa hadi walikotolewa.

Kayole yenyewe haikuanza kama jalala la watu. Ile ya mwanzo ilipimwa na Halmashauri ya Jiji miaka ya 80 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa utaratibu ule uliokwisha kujaribiwa Dandora: unapewa kiwanja, bomba la maji na choo, kuta ujenge mwenyewe. Leo viwanja hivyo vimebeba maghorofa ya vyumba vya kupanga, nguo zikining'inia kila roshani hadi juu kabisa, na chini kuna kinyozi, duka la mpesa, kanisa na mtu wa kukaanga viazi. Soweto ilijishikiza pembeni ya mpango huo, bila ramani. Jina walilipa wenyewe. Walioyaona matingatinga Mei hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza Soweto ni nini.

Kisha ikaja Julai 1990. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamewaita wanahabari tarehe 3 Mei na kudai vyama vingi hadharani. Katika nchi ambayo kifungu cha 2A cha katiba, tangu 1982, kilikuwa kimetamka kwamba chama ni kimoja tu, hilo lilikuwa tusi. Wakaitisha mkutano Kamukunji tarehe 7 Julai, serikali ikaupiga marufuku, na wao wenyewe wakatiwa kizuizini tarehe 4, siku tatu kabla. Watu wakaenda bila wao. Serikali ilisema waliokufa katika ghasia zilizofuata ni 20; wengine walihesabu zaidi; waliokamatwa walipita elfu moja. Wiki iliyofuata Nelson Mandela, miezi mitano tu tangu atoke gerezani, alitua Nairobi akapokewa kwa heshima zote na kuuhutubia umati Kasarani. Sijui kama yuko mtu aliyemnong'oneza kwamba jiji hili nalo limepata Soweto yake mwaka huo huo, na si kwa kuupinga ubaguzi.

Mtanzania ukimtajia Sabasaba atakumbuka kuzaliwa kwa TANU, 7 Julai 1954, au siku hizi maonyesho ya biashara kule barabara ya Kilwa. Mkenya husikia gesi ya machozi. Wenzetu waliipata tarehe hiyo kwa mkutano uliofanyika, sisi kwa mkutano uliokatazwa.

Nilipitia Masimba, nikakunja kuelekea Savannah. Kabla ya Donholm nilisimama kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chai ya maziwa na mandazi. Mandazi yake ni shilingi 10, kama yalivyokuwa miaka mitano iliyopita. Kilichobadilika ni mandazi yenyewe. Zamani yalijaa kiganja. Sasa yanakaa juu ya vidole vitatu na bado vidole vinaonekana. Hicho ndicho kipimo changu cha hali ya dunia, na nakiamini kuliko ripoti nyingi. Korona ilipoingia 2020, mandazi yakanywea. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mbolea 2022, huku mvua zikikosekana msimu baada ya msimu na kilo mbili za unga wa ugali zikipita shilingi 200, yakanywea tena. Halafu likaja deni. Serikali ilikuwa imefunga mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa 2021, na mikataba ya namna hiyo haimalizikii kwenye karatasi. Hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye karai la mafuta. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, na mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa kutoza mkate kodi ya asilimia 16.

Mkate ndio uliowaamsha vijana, pamoja na sodo. Tarehe 25 Juni 2024 waliingia Bunge lenyewe. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi mswada ule. Wengi walikwisha kuanguka kwa risasi. Ninachokumbuka zaidi ya picha za moto ni kazi ya wiki zilizotangulia: vijana waliousoma mswada wote, ukurasa kwa ukurasa, wakautafsiri kwa Kiswahili, Sheng na lugha za kwao na kuusambaza kwa simu. Mawakili waliwatetea waliokamatwa bila kudai malipo. Madaktari walijitolea kuwafunga vidonda watu barabarani, na mchango ulioanzishwa na mwanahabari Hanifa Adan kwa ajili ya majeruhi na waliofiwa ukafika mamilioni ya shilingi, nyingi zikiwa ni mia mia na hamsini hamsini za watu wasiojuana. Waliozoea siasa za Kenya waliuliza kiongozi wao ni nani. Waliuliza na kabila lao, kwa sauti ya chini.

Mama wa chai aliniambia kwamba Jumatatu ile ya 2025 hakufunga kibanda. Watu walikuwa wakipita kwa makundi kutoka pande za Kayole na Komarock, viatu mkononi wengine, naye alimaliza mandazi saa tatu asubuhi, jambo ambalo hata sikukuu halitokei. Wasiokuwa na pesa aliwapa? Alicheka. Aliwakopesha, akasema, na mpaka leo kuna wawili hawajalipa. Anawajua kwa sura.

Hapo ndipo nilipolipata wazo lililonisindikiza njia nzima. Tunapozungumza juu ya demokrasia hutaja kura, katiba, mahakama. Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, imeijua kwa namna ya moja kwa moja zaidi: ni kufika. Je, unaruhusiwa kufika mahali ambapo wenzako wamesimama, ukasimama nao, ukarudi nyumbani ukiwa hai? Kila utawala ulioogopa watu wa upande huu umeanza kwa kuifunga barabara, na kila mara kufunguka kwake kumetegemea mtu ambaye, kwa hesabu za kawaida, halikuwa jambo lake.

Donholm unaiacha Outering nyuma yako na Jogoo Road inaanza. Wakoloni waliiita Doonholm Road. Baada ya uhuru ilipewa jina la jogoo, alama ya KANU, chama kilichokuja kuwa peke yake. Hivyo basi kila aliyeandamana kuipinga KANU kutoka mitaa hii aliandamana juu ya jogoo. Napenda kejeli za namna hii, hazigharimu kitu.

Kwa kuwa nilitoka mapema, barabara ilikuwa bado ya watembea kwa miguu. Wanaotoka Makadara na Jericho huingia moja moja, kama vijito, na unapofika Bahati tayari ni mto. Bahati ni jina zuri kwa mtaa uliopata balaa. Tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, wanajeshi na polisi kama 25,000 waliizingira Nairobi wakati watu wamelala, na mitaa ya Waafrika, yaani hii, ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Watu walipangwa foleni mbele ya gakunia, yule aliyefunikwa gunia mwili mzima likiwa na matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwenda Lang'ata, kisha Mackinnon Road au Manyani. Zaidi ya watu 20,000 walifungiwa makambini bila kesi, wengi kwa sababu tu walikuwa Wakikuyu, Waembu au Wameru. Siku chache zilitosha kuvunja vyama vya wafanyakazi, masoko, hata vikundi vya kuweka akiba, na wenye nyumba tupu hawakukosa wapangaji wapya wa makabila mengine. Hilo la mwisho halisemwi sana. Mshikamano wa Eastlands una mashimo yake, na moja liko hapo.

Jingine liko mtaa wa pili, Mbotela. Wengi wanaoteremka hapo hawajui jina hilo ni la nani. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union (KAU), aliyeamini kwamba uhuru utapatikana kwa hoja na si kwa panga, na alilisema hilo wazi wakati ambapo kulisema kulikuwa hatari. Usiku mmoja wa Novemba 1952 aliuawa. Mwili wake ulipatikana karibu na soko la Burma, na haikupita siku nyingi soko lenyewe likateketea. Wa ukoo wake ni James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu ambacho kizazi kizima cha wasomaji wa Kiswahili kilikua nacho, kuhusu mababu waliokombolewa kwenye majahazi na kushushwa Freretown, Mombasa. Mwana mwingine wa ukoo huo, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ndiye yule mtangazaji aliyeuliza taifa zima kila wiki kama huu ni ungwana. Yeye alitolewa nyumbani na askari alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, akaamriwa kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Ukoo mmoja, na mara mbili hatari ilibisha hodi mlangoni. Ningekuwa na uwezo ningeweka kibao pale mtaani, chenye maneno machache tu. Anayesema kwamba wapigania uhuru wote walikuwa kitu kimoja na apite hapo kwanza.

Kaloleni niliifikia saa tatu kasoro, miguu ikianza kulalamika. Wenyeji huiita Ololo. Ni mtaa wa miaka ya 40, nyumba za mawe za chini zenye vigae na nyua za nyasi, uliojengwa kwa mikono ya mateka wa Kiitaliano wa vita vya dunia. Katikati kuna ukumbi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kijana alikuwa akifagia sakafu kwa ufagio wa fimbo ndefu, akilisukuma vumbi kwa mstari ulionyooka kutoka jukwaani hadi mlangoni. Alinyanyua mguu wa benchi, akafagia chini yake, akaurudisha mahali palepale kwenye alama ya zamani ya sakafu. Nilimwomba ruhusa nikae. Akasema, "Kaa tu, baba, ila miguu juu."

Katika ukumbi huu, tarehe 23 Aprili 1950, KAU na chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, walifanya mkutano wa pamoja. Makhan Singh, Kalasinga aliyezaliwa Punjab na kuletwa Nairobi akiwa kijana, alisimama akataka azimio liongezwe maneno: kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Alilitamka jambo ambalo wengi walikuwa wakilisema chumbani. Mwezi uliotangulia Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme, kwa shangwe na gwaride, na wafanyakazi Waafrika waliisusia sherehe hiyo. Tarehe 15 Mei Singh na Fred Kubai walikamatwa. Kesho yake jiji likagoma: mahoteli, reli, majumba ya Wazungu, wafagizi wa barabara, kwa zaidi ya wiki moja, wakidai pamoja na mengine mshahara wa chini uwe shilingi 100 na viongozi wao waachiliwe. Hawakuachiliwa. Singh alikaa kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol miaka 11 na nusu, hadi Oktoba 1961. Serikali ya uhuru haikumpa cheo chochote. Alikufa 1973, na sina hakika watoto wa Ololo wanafundishwa jina lake.

Hakuwa wa kwanza kuvuka mstari wa rangi. Harry Thuku, karani wa simu aliyeanzisha East African Association 1921, alipata mahali pa kufanyia kazi na mashine ya kuchapia kwa msaada wa Manilal Desai na Wahindi wenzake, na alipoandika kwamba Wahindi ni rafiki wa Waafrika, machifu na walowezi walimwona mwendawazimu. Alikamatwa Machi 1922. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakitaka atolewe. Wanaume waliposhauriwa kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele yao na kuwaambia wampe suruali zao azivae yeye. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Hesabu rasmi ilikuwa watu 21. Habari ilipofika Marekani, Marcus Garvey alimpelekea simu waziri mkuu wa Uingereza, Lloyd George, kumlaumu. Nafikiria simu ile ya waya ikipita chini ya bahari mwaka 1922, kutoka Harlem, kwa ajili ya mwanamke wa Kikuyu aliyelala barabarani Nairobi. Hakuna aliyeiita utandawazi.

Kituo kile kiko bado. Siku hizi kinaitwa Central, na ndimo Albert Ojwang, mwalimu, alimofia Juni 2025 baada ya kukamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni yaliyomgusa mkubwa wa polisi. Tuliambiwa kwanza kwamba aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Madaktari wa maiti walisema sivyo. Kutoka Thuku hadi Ojwang ni miaka 103.

Niliondoka ukumbini kabla ya mfagiaji kufika benchi langu.

Burma bado ni Burma, soko lililopewa jina na wanajeshi wa King's African Rifles waliorudi kutoka vitani Asia, na harufu ya nyama inakushika kabla hujaliona. Hapo nilijiketisha tena, kwa supu, na hapo nikasikia mazungumzo ya meza ya jirani kuhusu uchaguzi wa 2027. Vijana wawili walibishana kama wahuni waliokodiwa kuwapiga waandamanaji Juni 2025 walitoka mitaa yao. Mmoja alikuwa na hakika. Alitaja bei waliyolipwa. Mwenzake alisema ni uongo, halafu akasema hata yeye angepewa angefikiria. Sikucheka. Umaskini haumnyimi mtu kura tu, humfanya akodiwe dhidi ya jirani yake, na wanaokodi wanajua mitaa ya kwenda. Miaka ya chama kimoja walikuwepo vijana wa KANU wenye mashati mekundu. Leo hawana hata shati la kuwatambulisha.

Tusidhani vilevile kwamba kushikana mikono ni tabia ya wanyonge peke yao. Serikali nazo zina ujamaa wao. Novemba 2024 Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda, alikuja Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu, akanyakuliwa na kuibukia mahakama ya kijeshi Kampala. Mei 2025 mwanasiasa wa Kenya Martha Karua alizuiwa kuingia Tanzania kufuatilia kesi ya uhaini ya mpinzani wa huko, Tundu Lissu. Wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda waliofaulu kuingia walikamatwa Dar es Salaam, wakatupwa mipakani siku kadhaa baadaye, wakasimulia mateso. Uchaguzi wa Tanzania ulipofika tarehe 29 Oktoba na watu wakaingia barabarani, intaneti ilizimwa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Ni ufungaji wa barabara uleule, safari hii hata barabara isiyokanyagwa kwa miguu. Jumuiya ya Afrika Mashariki imechukua miaka mingi kuafikiana juu ya mahindi na maziwa. Kwa kukamatiana wapinzani haikuhitaji itifaki.

Kutoka City Stadium hadi Muthurwa sina la kusema ila kwamba jua lilikuwa limepanda na mikokoteni haimwogopi mtu.

Muoroto haipo. Nilijua haipo, na bado nilipofika karibu na Machakos Country Bus niligeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeambiwa akutane na ndugu. Kuna mabasi ya Kitui na Machakos, vibanda vya mitumba, magunia ya maembe, mtu anauza soksi kwa kipaza sauti. Kanjo, yaani askari wa jiji, walipokuja na matingatinga Mei 1990, wakazi walipambana nao kwa mawe, wachuuzi na abiria wakaingia, vurugu zikaenea. Idadi ya waliokufa ikawa ubishi kati ya serikali na wengine wote. Wiki sita baadaye ilikuwa Sabasaba. Vitabu huanza na Matiba na Rubia, mabwana wawili wenye mali, mmoja waziri wa zamani na mwingine meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili. Siwanyimi sifa, Matiba alilipa kwa afya yake, kiharusi kilimpata akiwa kizuizini. Lakini walipokuwa wamefungiwa, ni nani aliyekwenda Kamukunji? Walikwenda makanga, wachuuzi, wasio na kazi, watu wa vibanda. Watu waliokwisha kuvunjiwa nyumba hawakuhitaji hotuba juu ya kifungu cha 2A. Wengi wao walikuwa wamepanga mlolongo 1988, nyuma ya wagombea, mchana kweupe, na kuona mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu.

Wala haikuishia hapo. Kifungu kile kilifutwa Desemba 1991, baada ya wafadhili kusimamisha misaada mwezi uliotangulia; tusijidanganye kwamba ni kelele zetu tu. Wafungwa wa kisiasa walibaki ndani. Mwisho wa Februari 1992 mama zao, wazee wa vijijini, waliketi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai na kususia chakula. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi ya kina mama walivua nguo. Nyanjiru alikuwa anakaribia kutimiza miaka 70 kaburini. Wakahamia chini ya kanisa kuu la All Saints, na huko wakakaa karibu mwaka, wakilishwa na watu waliokuja na sufuria kutoka mitaani, mpaka wengi wa wana wao wakatoka.

Kamukunji ni hatua chache kutoka Machakos Country Bus. Uwanja ni mdogo kuliko sifa zake. Neno limeukimbia uwanja: Wakenya husema wabunge wamefanya kamukunji, wanafunzi wana kamukunji leo saa nane, kwa herufi ndogo, kwa maana ya kikao kisichosubiri kibali. Lakini kinachokupokea kwanza si uwanja, ni mlio. Mafundi wa jua kali wanafua mabati, mamia ya nyundo kwa wakati mmoja, na mtu hulazimika kuzungumza kwa mikono. Mpwa wangu anaingia Gredi ya 10, na orodha ya shule ilitaka sanduku la bati. Fundi niliyemwendea alikuwa amekalia mtungi uliokatwa. Alikunja ukingo wa bati juu ya waya, akaufuata kwa nyundo ndogo kwa mapigo mafupi, akageuza, akafuata tena, hadi ukingo ukawa mviringo usioweza kumkata mtoto. Alipitisha kidole gumba pande zote nne kuhakikisha. Akalipaka buluu, na kwa brashi nyembamba akaandika jina la msichana kwa herufi nyeupe, ulimi ukiwa nje kwa umakini.

Nilimuuliza kama siku za maandamano hufunga. Alionyesha kwa mkono: wanafunga, lakini si wote, maana waliojeruhiwa hukimbilia ndani ya vibanda, na mtu hawezi kumfungia mtu. Kisha akaonyesha sanduku. Shilingi 3,000, na hapunguzi.

Sikuwa na nguvu za kurudi kwa miguu. Makanga wa naintini siksti aliliangalia sanduku, akaniangalia mimi. "Sanduku ni kichwa, mzae." Nilipinga kwamba halina miguu wala halitakalia kiti. Akasema litakalia njia. Nikalilipia kama abiria. Liliwekwa kati ya viti, na kabla hatujafika Makadara mama mmoja alikuwa amemketisha mtoto juu yake, bila kuniuliza, na mwingine ameegemeza kiroba cha viazi. Tulipita Donholm, Savannah, Masimba. Kibanda cha chai kilikuwa kimefungwa. Steji ya Sabasaba mtoto aliinuliwa, na matako ya kaptula yake yalikuwa ya buluu, rangi ilikuwa bado haijakauka, na herufi moja ya jina ilikuwa imefutika.

Mama yake aliomba radhi, akaniuliza ilikuwa herufi gani.